Na waliokuwa wananunua, je?

Mama mmoja wa South B ameniandikia barua ndefu, nami nimeifupisha. Binti yake ana miaka 10, yuko gredi ya tano. Juzi alirudi nyumbani na kitabu cha picha kuhusu karne ya 19 katika Afrika Mashariki na Kongo: misafara, pembe za ndovu, Tippu Tip, Stanley, mfalme wa Wabelgiji. Alikisoma hadi mwisho, kisha wakati wa chakula cha jioni akauliza maswali mawili. La kwanza: "Tippu Tip alikuwa mtu mbaya?" La pili: "Na waliokuwa wananunua, je?" Baba yake, ambaye ni mzaliwa wa Lamu, alinyamaza kitambo, halafu akasema kitabu kirudishwe kilikotoka, kwa kuwa kinawachafua watu wa pwani. Mama anataka kujua kama kweli kirudishwe, na kama hakirudishwi, mtoto ajibiwe nini. Anauliza pia kitabu kizuri cha historia ya tamaa kinatambulikaje, na kama mtoto aonyeshwe picha za mikono iliyokatwa Kongo.

Dada, kitabu kisirudishwe kabla hamjakaa nacho nyote watatu. Nimehariri vitabu vya watoto hapa Nairobi kwa zaidi ya miaka 20, na kabla ya hapo nilifundisha shule ya msingi huko Eastlands. Swali la pili la binti yako ndilo ninalotamani kila mtoto aliulize, na ni wachache mno wanaoliuliza, kwa sababu vitabu vyenyewe haviwapi nafasi.

Swali la kwanza lina jibu fupi. Tippu Tip, jina lake Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa misafara mzaliwa wa Zanzibar, aliteka watu, aliuza watu, na vijiji vilivyomkatalia vilipigwa. Mwambie hivyo bila kupunguza. Mtoto wa miaka 10 anaweza kulibeba jambo hilo akiambiwa na mtu anayempenda, akiwa ameketi karibu naye. Asichoweza kukibeba ni kuona wazazi wakigeuza uso, maana hapo anajifunza kuwa kuna jambo la aibu na kwamba aibu hiyo ni yake pia.

Lakini ukiishia kwenye "ndiyo, alikuwa mbaya", umemwachia historia ya mtu mmoja mwenye roho mbaya. Tamaa ya karne ya 19 ilikuwa njia ndefu yenye vituo, na kwenye kila kituo palikuwa na mtu anayehesabu. Kitabu kizuri humtembeza mtoto njia hiyo kituo kwa kituo.

Anzeni na neno lenyewe. Kiswahili kimetujalia maneno mengi hapa: ari, azma, hamu, kiu, uchu, uroho, ulafi, uchoyo, kupenda makuu. Fungua vitabu vyetu vya shule, utakuta lililobaki ni moja tu, tamaa, tena limegeuzwa kuwa ugonjwa wa wabaya. Muulize binti yako maana ya "kukata tamaa". Atakwambia ni kuvunjika moyo. Basi tamaa ni kitu ambacho mtu akikikata anavunjika moyo. Ni matumaini, ni kile kinachomwamsha mtu alfajiri. Mwache akae na fumbo hilo. Neno linalotaja matumaini yake ya kuwa rubani ndilo linalotaja kilichomfanya mtu achome kijiji. Wazee wetu hawakukosa maneno walipoliacha neno hili liwe na nyuso mbili.

Kisha mrudishe kwa Stanley. Vitabu vya watoto vya Waingereza vimempenda sana mtu huyu, na ukipita kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya jiji bado utavikuta. Hadithi yake ya utotoni inagusa kweli: alizaliwa Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, hakuwa na baba wa kumtambua, akalelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Alivuka bahari, akabadili jina, akawa mwandishi wa magazeti, na mwaka 1871 akampata Livingstone, mmisionari na mpelelezi, pale Ujiji. Hiyo ni ari, na mtoto ana haki ya kuistaajabia. Ila kuanzia mwaka 1879 mtu huyo huyo yuko Kongo kwa fedha za Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, anapasua njia, anajenga vituo, anakusanya alama za machifu kwenye karatasi ambazo machifu hawangeweza kuzisoma. Mpe binti yako kijikaratasi umwambie akiweke kwenye ukurasa ambapo ari iligeuka uchu. Nimefanya zoezi hili na watoto wengi. Hakipati mahali pa kukaa. Kinahamishwa mbele, kinarudishwa nyuma, na huko kukihamisha ndiko kujifunza historia.

Sasa twende kwenye pembe, maana ndizo jibu la "waliokuwa wananunua".

Katikati ya karne ya 19, jumba lenye hadhi Marekani au Uingereza lilitaka piano. Piano kamili ina vitufe vyeupe 52, na vitufe hivyo vilifunikwa kwa vipande vyembamba vya pembe ya ndovu. Katika jimbo la Connecticut kulikuwa na viwanda vilivyoishi kwa kazi hiyo, Deep River na jirani yake Ivoryton, mji uliopewa jina kutokana na pembe zenyewe. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kwa kuwa ni laini na hukatika bila kupasuka. Mipira ya biliadi pia ilitokana na pembe, na vitana, na mipini ya visu.

Ili kuzipata, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar vitambaa vya pamba. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar, mwaka 1833. Kitambaa kile kilienea bara hadi kikawa kama fedha, na watu wakakiita kwa nchi kilikotoka: merikani. Mama mkubwa yeyote wa pwani analijua neno hilo. Mwonyeshe binti yako kwamba neno hili limebeba safari nzima, kutoka viwanda vya Massachusetts hadi kwenye mzigo begani mwa mpagazi anayekaribia Tabora. Kitabu kinachotaja "nguo" tu, bila kutaja merikani, kimempora mtoto ushahidi ulioko katika lugha yake mwenyewe.

Kituo kinachofuata husahaulika katika karibu kila kitabu, nacho ni deni. Mfanyabiashara wa msafara hakuondoka Zanzibar na mali yake. Alikopeshwa merikani, shanga, nyaya za shaba na bunduki na matajiri wa Kihindi wa mjini. Taria Topan ndiye aliyemkopesha Tippu Tip. Aliahidi kurudi na frasila kadhaa za pembe, na frasila moja ni kama kilo 16. Mtoto wa Nairobi halielewi hili kwa neno "mkopo" kama lilivyo vitabuni, bali kwa mama mboga. Mwambie: fikiria mama anachukua mboga soko la Marikiti alfajiri kwa ahadi ya kulipa jioni. Mvua ikinyesha na wateja wasije, deni halinyeshewi. Sasa fikiria deni la aina hiyo kwa mtu aliye mbali na nyumbani kwa miaka miwili, mwenye bunduki mia, na ndovu wa karibu wamekwisha. Anaenda mbali zaidi. Anapiga. Anateka. Deni halimsafishi mtu, na umwambie hivyo waziwazi, lakini linaeleza kwa nini misafara ilizidi kusogea magharibi mwaka hadi mwaka, kutoka Tabora hadi Ujiji, kutoka Ujiji hadi Nyangwe, hadi ikafika katikati ya misitu ya Kongo.

Na waliobeba? Picha iliyozoeleka ni ya watumwa waliofungwa minyororo wakiwa na pembe mabegani. Jambo hilo lilikuwepo. Lakini sehemu kubwa ya pembe ilibebwa na wapagazi wa kulipwa, Wanyamwezi na watu wa pwani, waliokuwa na nyimbo zao, viongozi wao, hata migomo yao. Nina kisa changu hapa ambacho bado kinaniuma. Miaka ya nyuma nilihariri kitabu cha watoto kilichokuwa na kurasa sita kuhusu wapagazi: walivyopanga mizigo ya kilo 30 hivi, walivyogawana posho, walivyotoroka wakidhulumiwa. Kampuni iliyokuwa inakichapisha ilitaka kupunguza gharama za michoro, na kurasa hizo sita zikaondolewa. Picha ya Stanley ikabaki, nzima, ya rangi. Nilikubali. Nisingekubali leo.

Tippu Tip ana jambo moja linalomtofautisha na wengi wa wakati wake: alijiandikia. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, muda mfupi kabla ya mzee huyo kufa Zanzibar mwaka 1905. Si kitabu cha mtoto wa miaka 10 kukisoma peke yake, lakini baba yake akisome na amchagulie vipande. Kiswahili chake ni cha kuzungumza, hakina mapambo, na anataja vita na frasila kwa sauti ile ile. Usawa huo wa sauti unafundisha kuliko laana yoyote ambayo mwandishi wa leo angeiongeza. Stanley naye aliandika, na mwaka 1876 wawili hao walisafiri pamoja kutoka Nyangwe. Safari moja, wasimuliaji wawili, na kila mmoja ana lawama zake kwa mwenzake. Mtoto akilinganisha hata aya mbili tu, hatasahau tena kwamba kitabu huandikwa na mtu.

Na kuna ukurasa mmoja ambao ukikosekana, mimi hukiweka kando kitabu chote. Ni wa mwaka 1887. Leopold alikuwa amewaambia walimwengu kwamba anakwenda Kongo kukomesha biashara ya utumwa. Mkutano wa Berlin, ulioanza Novemba 1884 hadi Februari 1885 bila Mwafrika hata mmoja mezani, ulikuwa umemwachia njia, naye akajipatia nchi kubwa kuliko Ubelgiji kwa zaidi ya mara 70, mali yake binafsi, ambayo hakuikanyaga hata siku moja. Kisha mwaka 1887, kwa kupitia Stanley, akamteua Tippu Tip awe liwali wake wa Stanley Falls, huko huko Kongo, kwa mshahara. Tamaa mbili zikaketi meza moja, moja ya kanzu na moja ya taji. Mtoto akiuona ukurasa huo hahitaji kuhubiriwa.

Hapa nizungumze na baba. Ndugu yangu, naelewa kilichokuumiza. Vitabu vingi vya Ulaya vya wakati ule vilimchora "Mwarabu mteka watumwa" kwa sababu maalumu: ukishamchora shetani mmoja, anayekuja kumfukuza anaonekana malaika. Una haki kabisa kukataa mchoro huo. Lakini ukiondoa ukurasa, utakuwa umewaondoa pia watu wa pwani ambao ndio waliotendwa. Mashamba ya nafaka ya Malindi yalilimwa na watumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria kisiwani hadi 1897, na katika pwani ya Kenya hadi 1907. Binti yako akienda Mombasa likizo, mpitishe Kengeleni. Kengele iliyoupa mtaa huo jina ilikuwa ya Freretown, makazi ya watumwa walioachiwa huru, yaliyoanzishwa mwaka 1875. Wajukuu na vitukuu vyao ni watu wa pwani, kama wewe. Nao pia watachafuliwa tukinyamaza.

Tena wapo wa kumwonyesha ambao makuu yao yalikuwa ya namna nyingine. Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, bwana wao alipokufa mwaka 1873, waliubeba mwili wake pamoja na wenzao hadi pwani ya Bagamoyo, safari ya miezi, pamoja na maandishi yake yote. Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, alikuwa na misafara ya pembe hadi pwani, na ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mmisionari Mjerumani Krapf mwaka 1849 alipouona Mlima Kenya. Aliuawa mwaka 1851 njiani kuelekea Tana. Kivoi alikuwa na tamaa ya mali kama mfanyabiashara yeyote. Mweke mezani kando ya Leopold, halafu umwache binti yako apime.

Umeuliza kuhusu picha za watu wa Kongo waliokatwa mikono chini ya utawala wa Leopold. Mtoto wa miaka 10 nisingemwonyesha. Zikingoja hadi miaka 13 au 14 hazitapungua ukweli. Kuna njia nyingine ya kuingia, na kwa umri wake naiona ina nguvu zaidi. Mwishoni mwa karne ile, karani mmoja wa kampuni ya meli ya Liverpool, E. D. Morel, alikuwa akitumwa bandari ya Antwerp, Ubelgiji. Aliona meli kutoka Kongo zikishusha mpira na pembe. Aliona zinazokwenda Kongo zikipakia bunduki na risasi, na karibu hakuna bidhaa za kuuza. Mwulize binti yako: ikiwa mali inatoka na malipo hayaendi, mpira unapatikanaje? Atafikiri. Watoto wangu wa darasani walikuwa wakinyamaza kama dakika nzima, halafu mmoja anasema kwa sauti ya chini, "Wanalazimishwa." Morel alifikia hapo hapo kwa kusoma daftari za mizigo, na kampeni aliyoianzisha ilichangia Leopold kunyang'anywa Kongo mwaka 1908. Kisha mwongezee kipande kimoja: mwaka 1888 John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la baiskeli lenye upepo, na dunia ikataka mpira. Baiskeli yake mwenyewe iko hapo ukumbini. Asijisikie mkosaji, aelewe tu kwamba kitu cha furaha kina njia yake kilikopitia.

Mikataba ya watawala wetu na wakoloni sitaikalia sana, ila kila kitabu cha umri huu kiwe na mmoja uliosomwa kwa makini. Wa chifu Mangungo wa Msovero, Tanzania ya leo, na Mjerumani Carl Peters wa mwaka 1884 unafaa, kwa kuwa jina la Mangungo limebaki katika Kiswahili cha siasa hadi leo. Unaofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni ule wa mwaka 1888 wa Lobengula, mfalme wa Wandebele katika Zimbabwe ya leo, na watu wa Cecil Rhodes, tajiri wa Kiingereza wa madini, kwa sababu bei ya haki ya kuchimba imeandikwa: bunduki 1,000, risasi, pauni 100 kila mwezi, na mashua ya kivita kwenye Zambezi. Lobengula aliahidiwa kwa mdomo kwamba wachimbaji wa Kizungu hawatazidi 10. Ahadi hiyo haikuwa kwenye karatasi. Mtoto atalielewa hili haraka kuliko mtu mzima.

Reli ya kutoka Mombasa mtaikuta katika kila kitabu, na karibu vyote vimejaa simba wa Tsavo waliowala wafanyakazi. Simba ni wa kweli, watoto huwapenda, sina ugomvi nao. Ila kitabu kikiwa na kurasa nne za simba na mstari mmoja wa wafanyakazi wa Kihindi zaidi ya 30,000 walioletwa, ambao kati yao karibu 2,500 walikufa, unajua mwandishi alikuwa akiangalia wapi. Mkisafiri kwenda Mombasa kwa basi, mwonyeshe Mackinnon Road. Mji una jina la William Mackinnon, mwenye kampuni iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 itutawale kwa faida, na ikashindwa kupata faida. Na hapo hapo kando ya barabara kuna msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, mfanyakazi wa reli. Madereva husimama kuomba dua kwa Baghali. Kwa Mackinnon hasimami mtu.

Kuhusu kuchagua kitabu dukani, mimi hufanya hivi: nafungua mahali popote na kutafuta mtu asiye mfalme wala mpelelezi mwenye jina lake. Nikimkosa katika kurasa kumi, narudisha rafuni. Halafu natafuta bei ya kitu chochote, pembe, mtu, kitambaa, mshahara. Kitabu cha tamaa kisicho na bei hata moja kimeandikwa na mtu aliyeogopa kuhesabu. Mwisho natazama ramani. Ikiwa bara letu limeachwa jeupe hadi mpelelezi afike, nakinunua tu kama nina cha pili cha kukisoma nacho sambamba. Ramani hiyo nyeupe nayo ni ushahidi, mtoto akiambiwa aitazame hivyo.

Jumapili moja mpelekeni Mbuga ya Nairobi, mahali pa kuchomea pembe. Ndipo Rais Moi alipowasha moto tani 12 mwaka 1989, na ndipo tani 105 zilipochomwa Aprili 2016. Majivu bado yapo. Binti achukue daftari lake, achore njia yote kuanzia vitufe vya piano vya Connecticut: merikani, deni, frasila, mpagazi, ndovu. Achore na rundo lile la majivu. Halafu mwulizeni, mama na baba mkiwa wote wawili, kituo kipi kwenye njia hiyo kingeweza kukataa, na kingepoteza nini kwa kukataa. Baba ajibu kwanza.